Saini ya kupokea mzigo ipewe nguvu: barua ya wazi kwa Jaji Mkuu wa Tanzania

Kwa: Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania, Dodoma
Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria

Yah: Madai ya fedha za bidhaa zilizouzwa na kupokelewa

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Mimi ni mfanyabiashara wa jumla wa vyombo vya nyumbani hapa Kariakoo. Nauza masufuria, chupa za chai, ndoo na sahani za melamini. Si mwanasheria, na siandiki kwa niaba ya jumuiya yoyote. Ombi langu nalitaja mapema ili mengine yote uyasome ukijua yanaelekea wapi. Muuzaji aliyekabidhi mzigo, akapata saini ya aliyeupokea, na tarehe ya malipo ikapita, apewe mahakamani njia fupi ya kudai fedha zake, kama wanayopewa leo wenye hundi na wenye hati za ahadi. Njia hiyo ipo tayari katika Amri ya XXXV ya Jedwali la Kwanza la Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Anayeshtakiwa kwa njia hiyo haleti utetezi mpaka aiombe mahakama ruhusa na kuonyesha kwamba ana jambo la kweli la kujitetea. Sisi tunaouza kwa ankara ya kawaida hatumo humo.

Mgeni anayeshuka Mtaa wa Kongo akitokea Msimbazi huona fedha taslimu na lipa namba kila kona, akadhani biashara ya hapa ni ya mkono kwa mkono. Sivyo. Mzigo mwingi anaouona mezani na ndani ya fremu bado haujalipiwa. Mwagizaji analeta kontena kutoka Guangzhou au Yiwu, anawagawia wauzaji wa jumla, nusu kwa fedha na nusu kwa ahadi. Wa jumla anampa mwenye fremu wa Aggrey au Narung'ombe. Mwenye fremu anampa machinga asubuhi, jioni wanahesabiana. Mzigo mwingine unafungwa na kusafirishwa Mbeya, Kahama, Tunduma, hata Lubumbashi na Moroni, na anayeutuma hubaki na picha ya maboksi kwenye simu na neno la mnunuzi. Hii ndiyo mali kauli, na bila hiyo nusu ya fremu za Kariakoo zingefungwa kesho asubuhi.

Wapo wanaotwambia kwamba tunajitakia, kwamba anayekopesha bila benki na bila mwanasheria asilalamike. Nawajibu kwa heshima kwamba hawaijui historia ya mtaa huu. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilitunga Tanganyika sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani deni la bidhaa, isipokuwa mkopo uwe umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilisemwa kwamba ni kumlinda mwenyeji. Kariakoo wakati huo ilikuwa ndiyo mtaa wa Waafrika, na deni la dukani likasukumwa nje ya mahakama: likakaa kwenye daftari la mwenye duka, kwenye ujirani, kwenye ndugu aliyesimama kuwa mdhamini. Sheria ile iliondoka zamani lakini desturi ilibaki, kwa sababu inafanya kazi. Kijana asiye na nyumba ya kuweka rehani benki hana mlango mwingine wa kuingilia kwenye biashara.

Wala si kweli kwamba hatuandiki. Waislamu miongoni mwetu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Tunaandika sana. Naomba nikueleze karatasi yenyewe ilivyo, kwa kuwa shauri zima husimama au huanguka juu yake.

Ni kitabu chenye kurasa tatu tatu za karboni: nyeupe ya mnunuzi, ya pinki ya stoo, ya njano inabaki kitabuni. Juu kuna jina la duka na namba ya mlipakodi. Katikati ni mistari ya bidhaa: dazeni ngapi, saizi gani, bei, jumla. Chini kabisa pana nafasi mbili, ya aliyetoa na ya aliyepokea, pamoja na maneno yaliyochapwa kwamba mzigo umepokelewa kamili na katika hali nzuri. Mzigo unapofika kwa guta au kirikuu, mwenye duka mara nyingi hayupo. Yupo kijana wake. Kijana anahesabu maboksi, anasaini jina moja tu, la kwanza, akiwa amesimama huku wateja wanamsubiri. Muhuri ukiwepo umegongwa nusu. Kopi ya njano inayobaki kwetu inaonyesha saini kwa mbali, kwa sababu karboni ya tatu haishiki vizuri.

Mahakamani swali la kwanza ni hili: huyu aliyesaini ni nani? Mdaiwa anasema hamfahamu, au alikuwa kibarua wa siku moja, au aliacha kazi kitambo. Masufuria yenyewe yameshauzwa dukani kwake na fedha imeingia mfukoni mwake, lakini sasa muuzaji ndiye anayepaswa kumtafuta kijana ambaye pengine amerudi kwao Mtwara. Tunazo pia meseji. Mdaiwa ameandika kwenye simu kwamba nimvumilie, Ijumaa ataingiza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu meseji hizo zipokelewe kama ushahidi, na tunashukuru kwa hilo. Lakini kupokelewa ni jambo moja, na kuzithibitisha moja baada ya nyingine mbele ya mtu aliyeamua kukana kila kitu ni jambo lingine kabisa.

Dai la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 tunaruhusiwa kulipeleka Mahakama ya Mwanzo, na madeni mengi ya Kariakoo yanaenea humo. Naipenda mahakama hiyo. Inazungumza Kiswahili siku zote na mtu wa kawaida anaweza kusimama mwenyewe akajieleza. Lakini kanuni za madai zinazoiongoza ni za mwaka 1964, na deni lenye saini linapita njia ileile linayopita dai lingine lolote, hata lile ambalo pande zote mbili zina hoja nzito. Siku ya kwanza wito haujamfikia mdaiwa. Fremu imefungwa, jirani anasema amehamia Manzese au Mbagala. Siku nyingine kesi inatajwa tu. Siku nyingine hakimu ana udhuru, na ni udhuru wa kweli, kwa kuwa mafaili ni mengi na mahakimu hawatoshi. Simlaumu yeyote kati yao. Siku nyingine mdaiwa ameleta cheti cha daktari. Kila tarehe ni siku ambayo mwenye duka hayuko dukani, na Kariakoo duka lisilo na mwenyewe linavuja.

Hukumu nayo ikitoka, kazi inaanza upya kwenye kukazia hukumu. Dalali wa mahakama anafika kukamata mali, anakuta mke wa mdaiwa ana karatasi kwamba bidhaa ni zake, au mdogo wake, au kampuni mpya iliyosajiliwa BRELA ambayo imerithi meza, rafu na wateja wote ila haikurithi madeni. Fremu ni ya kupanga. Thamani kubwa ya fremu ile ni kilemba alicholipa ili aipate, na kilemba hakipigwi mnada. Sheria inaruhusu mdaiwa apelekwe kifungo cha madai kisichozidi miezi 6, na anayedai ndiye anayelipia chakula chake huko gerezani. Wachache wetu wanaiomba hatua hiyo, na mimi siipendekezi. Mtu aliye gerezani hauzi, na asiyeuza halipi.

Ipo kanuni moja inayowapa wadaiwa faida ambayo naamini waliotunga hawakuikusudia. Amri ya XX, kanuni ya 21, inaweka riba ya asilimia 7 kwa mwaka juu ya deni baada ya hukumu, au kiwango kingine kisichozidi asilimia 12 ikiwa pande mbili zilikubaliana kwa maandishi. Mfanyabiashara wa kawaida akienda benki hapa Dar es Salaam atakopeshwa kwa asilimia 15 au zaidi, tena kwa dhamana. Mtu anayejua hesabu akishindwa kesi yangu, jambo la faida zaidi kwake ni kuendelea kukaa na fedha yangu. Hapati popote mjini mkopo wa bei hiyo. Kabla ya hukumu ni afadhali zaidi kwake, kwa kuwa riba ya kipindi hicho inategemea makubaliano au busara ya mahakama, na ankara zetu nyingi hazina neno juu yake. Wenzetu wengi wa Kiislamu hawataki riba kabisa, na wana haki ya kutoitaka. Kwao dawa pekee ya ucheleweshaji ni shauri kwisha haraka.

Ongeza na shilingi yenyewe. Dola iliyokuwa shilingi 2,300 na ushei mwanzoni mwa 2023 ilipita 2,700 mwaka 2024. Aliyeuza mwanzoni mwa 2023 kwa ahadi ya miezi 3, akalipwa katikati ya 2024 shilingi zilezile bila nyongeza, hawezi kurudisha kontena lilelile. Amelipwa deni lote kwenye karatasi, na sehemu ya mtaji wake imepotea.

Kodi nayo haisubiri. Aliyesajiliwa kwenye VAT akiuza mzigo wa shilingi 10,000,000 anaandika ankara ya 11,800,000, na ile 1,800,000 inadaiwa kwa kuangalia ankara, si kwa kuangalia kama mnunuzi amelipa. Ritani inapelekwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Muuzaji anaitoa mfukoni mwake kwa niaba ya mtu ambaye hapokei hata simu. Ndiyo maana wengi mtaani huchelewesha risiti ya EFD mpaka fedha iingie. Ni kinyume cha sheria, na madhara yake yanawarudia wenyewe: siku ya kwenda kudai mahakamani hawana risiti, na wanaogopa kwamba jalada la kesi litafika mikononi mwa TRA kabla ya wao kulipwa. Mgomo wa Kariakoo wa Mei 2023, uliomleta Waziri Mkuu kuzungumza na wafanyabiashara, ulihusu kodi na kamatakamata. Katika yote yaliyosemwa kipindi kile, sikusikia mtu akiuliza mfanyabiashara asiyelipwa na wateja wake atalipaje kodi.

Mahakama ikichelewa, watu hutafuta pengine. Wengine wanakwenda polisi, na deni la biashara linageuzwa kosa la jinai kwa jina la kujipatia mali kwa udanganyifu, hata pale ambapo mdaiwa alinunua kwa nia njema na soko likamwendea vibaya. Wengine wanakodi vijana wakae mlangoni kwa mdaiwa tangu asubuhi wakimwaibisha mbele ya wateja. Wengine wanatishia kumsomea albadiri, dua ya kumlaani. Nimeshuhudia mtu aliyepuuza wito wa mahakama akitafuta fedha usiku kucha baada ya kusikia albadiri inatajwa. Niliumia kuona hivyo, kwa sababu mimi naamini mahakama ndiyo ingepaswa kuwa mahali pa mtu kulipwa haki yake bila kumtisha mwenzake.

Hasara kubwa zaidi, Mheshimiwa, haionekani kwenye jalada lolote. Muuzaji akishaumia mara kadhaa, hafungi biashara, anafunga mkono. Anaanza kutoa mali kauli kwa watu wa kwao tu, kwa mtoto wa shangazi, kwa aliyeoa ukoo wake, kwa anayeswali naye au kusali naye. Kijana aliyetoka Lindi au Njombe bila ndugu mjini, mwaminifu na mchapakazi, anaambiwa alete fedha taslimu. Kariakoo iliyojengwa na watu wa kila kabila, Mkinga akimwamini Mpemba na Mchaga akimwamini Mhindi, inaanza kujigawa kwa koo. Deni likidaiwa kwa urahisi mahakamani, naweza kumkopesha nisiyemjua. Lisipodaiwa, nitamkopesha yule tu ambaye nitamkuta kwenye msiba wa familia.

Sitaki nieleweke kwamba naomba meno ya kuwatafuna wenye shida. Moto wa Julai 10, 2021 uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo alilolisanifu Beda Amuli katika miaka ya 1970, na ndani yake mliungua bidhaa za watu ambazo zilikuwa bado za kukopa. Jengo la ghorofa la hapa Kariakoo lilipoporomoka Novemba 16, 2024, watu walikufa, na mitaji ikafukiwa pamoja nao. Kisheria hatari humfuata mwenye mali, na mali iliyokwisha kuwa ya mnunuzi ikiungua, bei yake bado inadaiwa. Mtaani wengi hawakuifuata sheria hiyo mpaka mwisho. Walisamehe, au walipunguza, au walitoa mzigo mwingine ili mtu asimame tena. Njia fupi mahakamani haimzuii mtu kusamehe. Itamzuia yule ambaye duka lake halikuguswa asijifiche nyuma ya moshi wa jirani.

Msingi wa ombi langu uko ndani ya sheria zetu wenyewe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyotungwa mwaka 1931, inampa muuzaji haki ya kudai bei pale ambapo mali imeshahamia kwa mnunuzi na mnunuzi hataki kulipa. Inasema pia kwamba mnunuzi aliyekaa na bidhaa kwa muda wa kutosha bila kumwarifu muuzaji kuwa anazikataa, amezikubali. Sheria hiyohiyo ilitaka mauzo ya kuanzia shilingi 200 yawe na maandishi ndipo yadaiwe mahakamani, ila ikaondoa sharti hilo pale ambapo mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa. Shilingi 200 leo haifiki hata nauli ya daladala, lakini fikra iliyomo bado ina nguvu: kupokea mali ni ushahidi mzito kiasi cha kusimama mahali pa mkataba. Kama sheria inaupa uzito huo upokeaji, iweje mwenendo wa mashauri umwanzishe muuzaji mwenye saini pale pale anapoanzia mtu asiye na karatasi yoyote?

Tukitazama kwingine, Sheria yetu ya Mwenendo ya mwaka 1966 ilitoholewa kwa sehemu kubwa kutoka ile ya India ya 1908. Wahindi wenyewe walipanua njia yao fupi mwaka 1976, wakaingiza madeni ya kiasi kinachojulikana yanayotokana na mkataba wa maandishi. Sisi tulibaki na orodha nyembamba. Kenya ilikwenda kwa njia nyingine: ilitunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, na mahakama hiyo ikaanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, mauzo ya bidhaa yametajwa waziwazi ndani ya sheria, na shauri linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Uganda ilitunga kanuni za madai madogo mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za kwao. Mfanyabiashara wa Kampala au wa soko la Gikomba, Nairobi, ambaye tunanunua naye mzigo kwenye ghala moja kule Yiwu, akirudi nyumbani ana mlango ambao mimi sina.

Mahakama ya madai madogo ingehitaji Bunge, na Waziri anasoma nakala ya barua hii. Lakini Amri ya XXXV haihitaji kusubiri Bunge. Jedwali la Kwanza linaweza kurekebishwa na Jaji Mkuu kwa ridhaa ya Waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, na ofisi yako ilitumia mamlaka hayo mwaka 2019 kufanya mabadiliko makubwa kuliko haya ninayoomba. Iongezwe aya moja tu: dai la bei ya bidhaa zilizouzwa na kukabidhiwa, ambalo kiasi chake kinajulikana na upokeaji wake umesainiwa. Na kanuni za Mahakama ya Mwanzo za 1964 zipewe utaratibu unaofanana nao, pamoja na ukomo wa siku, kwa sababu huko ndiko madeni madogo yaliko. Riba ya asilimia 7 nayo itazamwe upya.

Sisi wauzaji nasi tuwekewe masharti, na yawe magumu. Karatasi isiyo na jina kamili la aliyepokea, namba yake ya kitambulisho cha NIDA au ya simu, muhuri wa duka, tarehe ya kulipa na namba ya risiti ya EFD, isipite njia fupi. Mwenye karatasi pungufu abaki kwenye njia ndefu. Naamini sharti hilo peke yake lingebadilisha vitabu vya Kariakoo ndani ya msimu mmoja, na TRA wangepata risiti ambazo kamatakamata haikuwahi kuwapatia.

Najua hofu iliyopo, nayo ni ya haki. Saini inaweza kughushiwa. Mzigo unaweza kupungua njiani, au kuwa feki, au chupa za chai zikawa hazishiki moto. Mnunuzi mwenye hoja kama hizo aombe ruhusa, aonyeshe alilalamika lini na kwa nani, na asikilizwe kikamilifu. Pale ambapo hoja yake ni dhaifu lakini haikosi kabisa, hakimu amruhusu kujitetea kwa sharti la kuweka fedha mahakamani kwanza. Ninachokipinga ni ukanaji mtupu, wa mtu anayesema sijui, simjui, sikumbuki, akijua kwamba kusema hivyo kunamnunulia mwaka mzima.

Kuna deni jingine ambalo siwezi kulipita kimya, ingawa linahitaji barua yake. Wapo kati yetu waliouzia shule, hospitali na halmashauri: madaftari, magodoro, sare, masufuria makubwa ya jikoni. Taasisi ya umma isipolipa, mzabuni anatoa notisi ya siku 90, kisha anafungua shauri Mahakama Kuu akimuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 utaratibu huo unazihusu hata halmashauri. Mtu anayeidai shule ya sekondari shilingi milioni 4 anapelekwa kwenye mahakama ileile ya mabilioni. Gharama ya wakili inakula deni kabla shauri halijaanza, na mali ya Serikali haikamatwi hata akishinda. Wazabuni wengi wadogo wanaachia tu. Serikali inayotutaka tulipe kodi tarehe 20 ingepaswa kuwa mlipaji wa mfano, na nakala ya barua hii kwa Waziri ni kwa ajili ya hilo pia.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, naomba rasimu ya marekebisho ya Amri ya XXXV iandaliwe, na kabla haijatangazwa, wataalamu wako waje Kariakoo watusikilize: waagizaji, wa jumla, wenye fremu, machinga, na wadaiwa pia, kwa kuwa karibu kila mmoja wetu anadai huku akidaiwa. Tutakuja na vitabu vyetu vya ankara.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa jumla,
Kariakoo, Dar es Salaam